Chumvi, Chokaa na Hewa ya Pwani: Kemia ya Kuchambua na Kuhifadhi Urithi wa Utamaduni

Kila kitu kinachohesabiwa kuwa urithi wa utamaduni, kiwe mchoro, sarafu, mswada, mlango wa nakshi au ukuta wa msikiti wa kale, kimeundwa kwa dutu ambazo haziachi kuathiriana na hewa, maji, mwanga na viumbe vinavyokizunguka. Kwa sababu hiyo elimu ya kuhifadhi urithi ina kazi mbili zisizobadilishana nafasi: kwanza kuchambua, yaani kutambua kitu kimetengenezwa kwa nini, kimekwisha kubadilika vipi na kinaelekea wapi, kisha kuhifadhi, yaani kuyaingilia mabadiliko hayo ili yaende polepole, kwa kuwa kuyasimamisha kabisa hakuwezekani. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba madhara mengi yaliyofanywa na wahifadhi wenyewe katika karne ya 20 yalitokana na kuitanguliza kazi ya pili mbele ya ile ya kwanza, na kwamba katika pwani ya Afrika Mashariki, ambako adui mkuu ni chumvi inayosafirishwa na unyevu, kosa hilo linaendelea kutendwa kwa kutumia saruji.

Ushirikiano wa wanakemia na walinzi wa mambo ya kale una zaidi ya karne mbili. Mwaka 1815 Mwingereza Humphry Davy alichapisha matokeo ya uchunguzi wake wa rangi zilizotumiwa na wachoraji wa Roma na Pompeii. Mwaka 1888 makumbusho ya kifalme ya Berlin yalimwajiri Friedrich Rathgen, ambaye maabara yake ndiyo inayohesabiwa kuwa maabara ya kwanza ya kemia ndani ya makumbusho. British Museum ya London ilifuata baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wakati vitu vilivyokuwa vimefichwa katika mahandaki ya reli ya chini ya ardhi vilipotolewa vikiwa vimeota kutu, ukungu na chumvi.

Tofauti kubwa kati ya Davy na mchambuzi wa leo iko katika kiasi cha kitu kinachotolewa kafara ili jibu lipatikane. Davy alilazimika kukwangua rangi, kuiyeyusha kwa asidi na kuichoma. Leo kuna kifaa kinachoshikwa kwa mkono mmoja, ambacho hupiga uso wa kitu kwa eksirei na kusoma eksirei nyingine zinazorudi. Kila elementi, ikishapigwa hivyo, hutoa mionzi ya nishati yake maalumu, kwa hiyo siwa, yaani baragumu la sherehe, ya shaba iliyohifadhiwa katika makumbusho ya Lamu ingeweza kupimwa kwa dakika chache, bila mkwaruzo hata mmoja, na uwiano wa shaba, zinki na risasi katika uso wake ukajulikana. Hata hivyo kifaa hicho husoma tabaka la juu tu, na elementi nyepesi kama kaboni, haidrojeni na oksijeni hakizioni. Maana yake ni kwamba mafuta, gundi, utomvu na rangi za mimea hukipita bila kutambuliwa. Hizo huchunguzwa kwa mwanga wa infraredi au kwa spektroskopia ya Raman, mbinu mbili zinazotambua jinsi atomi zilivyofungamana, au kwa kromatografia ya gesi, inayozitenganisha molekuli za sampuli ndogo kama chembe ya vumbi na kuzitambua mojamoja. Hakuna chombo kimoja kinachojibu swali zima, na mchambuzi anayeanza na chombo badala ya kuanza na swali huishia kuwa na takwimu nyingi zisizo na maana.

Nguvu ya uchambuzi huonekana wazi zaidi pale unaposema jambo ambalo nyaraka hazisemi au zinalidanganyia. Mwaka 2006 mchoro uliodaiwa kuchorwa na Heinrich Campendonk mwaka 1914 uliuzwa Ujerumani kwa takriban euro milioni 2.9, lakini uchunguzi wa rangi ulikuta ndani yake nyeupe ya titani, rangi ambayo wachoraji wa wakati huo hawakuwa nayo. Ugunduzi huo ulisaidia kumfikisha mghushi Wolfgang Beltracchi mahakamani, naye akahukumiwa mwaka 2011. Kesi ya aina hiyo huvuma sana magazetini. Kwa msomaji wa Kiswahili, hata hivyo, ushahidi mzito zaidi umo katika vitu vidogo visivyo na bei kubwa sokoni, yaani shanga za kioo zilizochimbuliwa Kilwa, Songo Mnara, Unguja Ukuu na kwingineko pwani.

Kwa macho shanga hizo hufanana, na kwa muda mrefu ziliainishwa kwa rangi, ukubwa na namna zilivyoundwa, vigezo ambavyo haviwezi peke yake kusema zilitoka wapi. Uchambuzi wa kisasa hutumia leza kutoboa katika ushanga kijitundu kisichoonekana kwa macho, na mvuke unaotoka humo hupelekwa katika mashine inayozipima atomi kwa uzito wake hadi kiwango cha sehemu moja katika milioni. Kioo cha kale kilitengenezwa kwa kuyeyusha mchanga wa silika pamoja na magadi yanayopunguza joto la kuyeyukia. Magadi yaliyotokana na majivu ya mimea huleta magnesiamu na potasiamu nyingi, ilhali magadi ya ardhini huleta kidogo, na mchanga wa Asia ya Kusini huwa na oksidi ya alumini kwa wingi usiopatikana katika kioo cha nchi za Mediterania. Elementi za kiasi kidogo sana, kama urani na bariamu, huweza hata kutenganisha viwanda vya eneo moja na vya eneo jingine ndani ya Asia ya Kusini yenyewe. Kwa njia hiyo imebainika kwamba shanga nyingi za pwani zilitengenezwa kwa kioo cha Asia ya Kusini, ilhali baadhi ya zile za karne za mwanzo za Uislamu ni za kioo cha majivu ya mimea kinachofanana na kile cha Iraki na Uajemi. Historia za miji ya pwani zilizoandikwa hutaja masultani na vita. Biashara iliyofanywa na watu wasiotajwa humo, pamoja na mabadiliko ya njia zake karne baada ya karne, imeandikwa katika urani ya shanga.

Kazi nyingine ya uchambuzi ni kueleza kwa nini kitu kinaharibika, na hapa dhana za mazoea huanguka mara kwa mara. Kwa miaka mingi makumbusho yaliogopa mwanga kuliko kitu kingine chochote, na ni kweli kwamba mwanga hufifisha rangi nyingi, hasa zile za mimea. Lakini uchunguzi uliochapishwa mwaka 2020 kuhusu mchoro maarufu wa Edvard Munch wa mtu anayepiga yowe, nakala iliyomo katika makumbusho ya Munch mjini Oslo, ulionyesha kwamba njano ya kadmiamu iliyotumiwa humo, ambayo ina mabaki ya kloridi kutoka kiwandani, huharibiwa zaidi na unyevu kuliko mwanga. Jambo hilo linapaswa kuzingatiwa na kila mwenye picha katika miji ya pwani ya Bahari ya Hindi, ambako hewa yenyewe imebeba maji na chumvi mwaka mzima.

Historia ya tiba zilizogeuka maradhi ni ndefu, na mifano miwili yatosha. Mahekalu ya Akropoli ya Athens yalifungwa tangu zamani kwa vyuma vilivyozungushiwa risasi, ambayo ilizuia maji yasifike kwenye chuma. Mhandisi Nikolaos Balanos, aliyeongoza ukarabati mwanzoni mwa karne ya 20, aliingiza vyuma vipya bila kinga hiyo, vikaota kutu, na kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, marumaru ikapasuka kutoka ndani. Kizazi kilichofuata kililazimika kuviondoa na kuweka titani. Nchini Norwe, vifaa vya mbao vilivyochimbuliwa mwaka 1904 pamoja na merikebu ya Oseberg vilikuwa vimelowa na kulainika mno, basi vikatiwa katika maji ya moto yaliyoyeyushwa shabu ili fuwele zake ziushikilie ubao usinywee. Ubao haukunywea. Lakini shabu ikipashwa moto hutoa asidi ya sulfuriki, na zaidi ya karne moja baadaye asidi hiyo ingali inautafuna ubao kutoka ndani, hata baadhi ya vipande vimebaki ganda la nje tu. Wataalamu waliofanya hivyo walikuwa hodari wa zama zao, na tiba yao ilisifiwa. Walichokosa ni kuuliza shabu itafanya nini ndani ya ubao baada ya wao wenyewe kuondoka.

Swali hilohilo linapaswa kuulizwa katika majengo ya mawe ya pwani, kuanzia Lamu na Ngome ya Yesu ya Mombasa hadi Mji Mkongwe wa Zanzibar na magofu ya Kilwa Kisiwani. Jiwe la matumbawe ni kalsiamu kaboneti karibu tupu. Mafundi wa pwani walilijengea kwa chokaa iliyotokana na matumbawe yaleyale: walipanga magogo, wakaweka matumbawe juu, wakachoma hadi joto likapita nyuzi 900 hivi, ambapo kaboni dioksidi hutoka na kubakiza oksidi ya kalsiamu; kisha chokaa hiyo kali ilizimwa kwa maji au kuachwa ipigwe na umande na mvua, ikawa hidroksidi ya kalsiamu. Ikishachanganywa na mchanga na kupakwa ukutani, hufyonza polepole kaboni dioksidi ya hewani na kurudi kuwa kalsiamu kaboneti. Jiwe na kinacholiunganisha, kwa hiyo, ni dutu moja: vyote vina vitundu, vyote ni laini kiasi, vyote hupitisha mvuke. Nyufa ndogo za chokaa huweza hata kujiziba, maana maji ya mvua huyeyusha kiasi kidogo cha chokaa na kukiacha kwenye ufa yanapokauka.

Saruji ya kisasa ni kitu kingine kabisa. Ugumu wake hutokana na silikati za kalsiamu zinazoungana na maji, nayo hutoa tabaka gumu, lenye nguvu kuliko jiwe la matumbawe na linalopitisha mvuke kidogo sana. Zaidi ya hayo huja na chumvi zake za sodiamu na potasiamu. Ukuta wa pwani hunyonya maji kutoka ardhini na hupokea chumvi ya upepo wa bahari. Ukiwa umepakwa lipu ya chokaa, maji hayo hutoka nje kwa mvuke na chumvi huganda ndani ya lipu, ambayo humomonyoka na kupakwa upya baada ya miaka kadhaa. Ukipakwa lipu ya saruji, njia hiyo hufungwa. Maji hupanda juu zaidi au hutafuta upenyo katika jiwe lenyewe, na chumvi huganda ndani ya vitundu vya jiwe, ikilisukuma hadi ligeuke unga nyuma ya lipu ambayo kwa nje inaonekana nzima. Mwenye nyumba hufurahia ukuta wake mgumu mpaka siku lipu inapobanduka pamoja na unene wa jiwe lililokufa.

Kasi ya uharibifu huo ina kipimo. Chumvi ya kawaida, kloridi ya sodiamu, hufyonza maji ya hewani na kuyeyuka pale unyevu uwiano, yaani kiasi cha mvuke uliomo hewani kikilinganishwa na kile ambacho hewa ingeweza kubeba katika joto hilo, unapovuka asilimia 75 hivi. Unaposhuka chini ya hapo, chumvi huganda tena. Hewa ya pwani ya Afrika Mashariki huvuka mpaka huo mara nyingi, usiku ikipanda na mchana ikishuka, na kila mvuko ni kugandamizwa kupya kwa kuta za vitundu. Hapo ndipo pia ulipo udhaifu wa kuiga masharti ya makumbusho ya Ulaya, yanayotaka unyevu wa asilimia 50 hivi usiobadilika. Kiyoyozi kinachowashwa saa za kazi na kuzimwa jioni, au kinachozimika umeme unapokatika, huongeza idadi ya mivuko hiyo, na chumba chenye kuta nene za mawe, dari ya boriti za mikoko na madirisha yanayopitisha upepo kinaweza kuwa salama zaidi kwa vitu vilivyomo, ingawa joto lake ni kubwa.

Tiba inayopatana na kemia ya ukuta ipo, na baadhi yake haihitaji mitambo. Chumvi hupimwa kwa kuloweka unga wa jiwe katika maji yaliyokenekwa na kupima jinsi maji hayo yanavyopitisha umeme, kisha kutia tone la nitrati ya fedha, ambalo likikutana na kloridi hufanya weupe wa maziwa. Chumvi iliyokwisha kuingia huvutwa kwa rojo la karatasi safi lililoloweshwa maji hayohayo na kubandikwa ukutani hadi likauke. Ugumu wa kitaalamu huanza chumvi inapokuwa sulfati, kama ilivyotokea Florence baada ya mafuriko ya Novemba 1966, ambapo chokaa ya michoro ya ukutani iligeuka jasi na rangi zikaanza kupukutika. Mwanakemia Enzo Ferroni na mhifadhi Dino Dini waliitibu kwa kaboneti ya amonia, inayoigeuza jasi kuwa kalsiamu kaboneti, kisha kwa hidroksidi ya bariamu, inayoifunga sulfati katika umbo lisiloyeyuka. Kutoka jiji hilohilo ilizuka baadaye mbinu ya kutumia chembe ndogo mno za hidroksidi ya kalsiamu zilizotandazwa katika pombe, ambazo hupenya ndani ya ukuta dhaifu na kuwa chokaa mpya. Kinyume chake kilionekana Mexico, ambako michoro ya ukutani ya kale iliyogandishwa kwa polima za akriliki ilizibwa vitundu, na chumvi zikaubandua uso wake kwa nguvu kuliko kama isingeguswa kabisa.

Chumvi hiyohiyo ya bahari huzifuata sarafu za shaba zilizopigwa na masultani wa Kilwa, ambazo zimeokotwa hadi visiwa vya Wessel huko Australia. Chini ya ganda lao la kijani huweza kujificha kloridi ya shaba, ambayo hewa inapokuwa na unyevu huungana na maji na oksijeni, ikatoa unga wa kijani hafifu pamoja na asidi inayokwenda kuila shaba iliyobaki, hivyo mzunguko ukaendelea mpaka sarafu imalizike. Kisanduku kinachofunga vizuri, chenye chembe za silika za kukausha hewa na kibandiko cha kuonyesha unyevu, huizuia hali hiyo kwa gharama ndogo sana.

Kuhusu miswada ya Kiswahili kwa hati ya Kiarabu, kama ile iliyomo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na ya SOAS mjini London, swali la kwanza ni la wino. Wino wa masizi na gundi ni kaboni, hauna ugomvi na karatasi, lakini huogopa maji. Wino wa chuma na tanini huzalisha asidi na kuacha ayoni za chuma zinazochochea kuoza kwa selulosi, mpaka herufi zikatoboa karatasi. Dawa yake, iliyobuniwa Uholanzi katika miaka ya 1990, ni kuloweka karatasi katika fitati ya kalsiamu inayozifunga ayoni hizo. Kuuloweka mswada wa masizi kungekuwa kuuharibu kwa nia njema, ilhali kamera ya infraredi huzitofautisha wino hizo mbili papo hapo, kwa kuwa wa masizi hubaki mweusi na ule wa chuma hufifia.

Sanaa ya karibuni imesahauliwa katika mijadala hii, ingawa ndiyo iliyo hatarini kwa namna isiyozoeleka. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 na kufariki mwaka 1972, alitumia rangi za mafuta zenye mng'aro za kupakia baiskeli juu ya vipande vya hadibodi. Rangi hizo ni za alkidi, yaani utomvu wa viwandani unaounganisha asidi ya thalati, pombe zenye mikono mingi na asidi za mafuta ya mimea. Hukauka kwa kuungana na oksijeni, na muungano huo hausimami rangi inapokauka, bali huendelea kwa miongo hadi tabaka liwe gumu na lenye kuvunjika. Hadibodi kwa upande wake ni nyuzi za mti zilizoshindiliwa, ambazo huvimba zikipata maji, hutoa asidi za asetiki na fomiki, na huliwa na mchwa. Pombe na asetoni, zinazotumiwa kuondolea vanishi katika michoro ya kale ya Ulaya, zinaweza kuilainisha alkidi na kuiondoa pamoja na uchafu. Picha za mwanzo za Tingatinga zina bei kubwa, na pesa huvuta waghushi; lakini ili mchambuzi aseme kama rangi fulani ilikuwepo kabla ya 1972, ni lazima kuwe na sampuli za rangi zilizouzwa Dar es Salaam zama hizo. Makopo ya zamani yanayotupwa yana thamani ya kisayansi, na wakati wa kuyakusanya ni sasa, wangali hai wanaoyakumbuka.

Liko pia suala la sumu. Makumbusho mengi ya Ulaya na Marekani yaliua wadudu kwa kupaka vinyago, ngozi na manyoya aseniki, chumvi za zebaki na baadaye DDT, nazo sumu hizo haziishi. Sasa vitu vinarudi: Ubelgiji ilipeleka Kongo kinyago cha Kakuungu mwaka 2022, na Chuo Kikuu cha Cambridge kilipeleka vitu 39 Uganda mwaka 2024. Kurudi kwavyo hakupaswi kucheleweshwa kwa kisingizio cha kemia. Kinachodaiwa ni kwamba anayerudisha apime aseniki na zebaki, jambo ambalo kifaa cha eksirei hulimaliza kwa muda mfupi, na atoe matokeo kwa maandishi kabla ya kitu kuguswa, kuvaliwa au kutumiwa katika ibada. Siku hizi wadudu huuliwa kwa kukifungia kitu katika mfuko wa naitrojeni kwa wiki kadhaa hadi wakose hewa, bila kuacha sumu yoyote.

Vyuo vikuu vya Dar es Salaam, Nairobi na Makerere vina idara za kemia, na nchi zote za pwani zina mamlaka za mambo ya kale. Kinachokosekana ni kanuni inayozifunga pamoja. Mamlaka hizo hazina budi kukataa kibali cha ukarabati kwa jengo lolote la matumbawe ambalo chokaa yake haijachambuliwa na chumvi yake haijapimwa, na vyuo hivyo havina budi kuwapeleka wanafunzi wa kemia wakajifunze kwa mafundi wa chokaa wangali wanachoma, kwa kuwa ujuzi wa hao wa pili unatoweka upesi kuliko kuta zenyewe.